Kofia ya shaba, kofia wazi au mtungi: uchague ipi kuingia nayo majini?

Kioo cha mbele ndicho hufungwa mwisho. Umeshakalishwa kwenye kibao, umevalishwa suti nzito ya turubai lenye mpira katikati, mikono imepenyezwa kwenye vikuku vya mpira kwa maji ya sabuni, kola ya shaba imelala mabegani na nati zake zimekazwa moja baada ya nyingine kwa spana. Kofia imeteremshwa kichwani, ikazungushwa moja ya nane ya mzunguko tu, ikakamata. Mpaka hapo bado unasikia watu wakiongea na unavuta hewa ileile wanayovuta wao. Kisha mmoja anaita "Hewa!", pampu inaanza, mvumo wake unajaa masikioni, na kioo kinazungushwa hadi kinabana. Mshika kamba anakupiga kofi moja utosini mwa kofia. Kuanzia hapo kila pumzi yako inatoka mkononi mwa mtu mwingine.

Nimeivaa mara tatu, zote ndani ya tangi la mazoezi lenye kina cha mita tano, na tangu hapo watu hawaachi kuniuliza: mtu anayetaka kuionja kofia ya shaba afanyeje, na je, si afadhali achukue tu mtungi mgongoni kama wengine? Jibu lina matawi mengi, lakini shina ni moja. Kila njia ya kukaa chini ya maji inaukabidhi uhai wako kwa mtu fulani. Kwenye skuba, yaani huo mtungi wa mgongoni, sehemu kubwa ya jukumu hilo ni yako mwenyewe. Kwenye kofia ya shaba ni la watu watatu au wanne walio juu, usiowaona. Ndiyo maana mimi huwatazama watu kabla ya kutazama vifaa.

Njia zenyewe ni nne

Kofia ya shaba ni vazi lililofungwa kila upande. Augustus Siebe, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi London, ndiye aliyelipa umbo tunalolijua, mwishoni mwa miaka ya 1830. Hewa husukumwa kutoka juu kwa mpira, hupita usoni bila kukoma, na hutokea kwenye vali iliyo ubavuni mwa kofia. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitumia toleo lake, Mark V, kuanzia mwaka 1916 hadi miaka ya 1980. Leo anayetaka kuionja huitafuta kwa wapenzi wa historia ya uzamiaji, watu wa jumuiya kama Historical Diving Society iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1990, ambao bado wanayatunza mavazi haya na kuingia nayo majini.

Ya pili ni kofia wazi, ile wanayovishwa watalii ili watembee juu ya mchanga, mita tatu hadi tano chini. Haina suti. Inakaa mabegani kama ndoo iliyopinduliwa, hewa inaingia kwa juu na kutokea chini ya kidevu. Wengi hudhani ni kitu kipya cha burudani, kumbe kanuni yake ni kongwe kuliko vazi la Siebe. Charles Deane alisajili kofia ya kuingilia kwenye moshi mwaka 1823, na baadaye yeye na ndugu yake John wakaigeuza ya majini, ikiwa wazi upande wa chini. Kasoro yake ilijulikana mapema: mzamiaji akiinama kupita kiasi au akianguka, maji yanaingia. Vazi lililofungwa lilikuja kulitibu tatizo hilo. Kwa hiyo mtalii anayetembea leo baharini na kofia wazi amevaa, kwa maana fulani, historia ya nyuma zaidi kuliko mimi niliyevaa shaba.

Ya tatu ni skuba, mtungi wa hewa mgongoni na kifaa cha kupumulia mdomoni, iliyotokana na kazi ya Jacques Cousteau na Émile Gagnan nchini Ufaransa mwaka 1943. Ya nne ni kofia ya kisasa ya wazamiaji wa kazi, mfano Kirby Morgan, ya faibaglasi au chuma cha pua, yenye uzito wa kilo 13 hadi 15 hivi. Nayo hupata hewa kutoka juu, lakini hewa hiyo huja pale tu unapovuta pumzi.

Hewa

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi presha ya ba 200 una lita 2,400 za hewa. Mita 10 chini presha ni mara mbili ya juu, hivyo kila pumzi inakula mara mbili, na mgeni mwenye hofu huhema upesi. Mtungi unaisha. Kofia zote tatu hazina hesabu hiyo maadamu pampu au kompresa inafanya kazi, na hilo neno "maadamu" ndilo la kuulizia. Kofia ya kisasa ina jibu lake: mzamiaji hubeba mtungi mdogo wa dharura uliounganishwa na kofia, akifungua vali moja anapumua hewa yake mwenyewe. Kofia ya shaba ya asili haina kitu kama hicho. Kilichopo ni hewa iliyobaki ndani ya suti na watu wa juu.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa skuba halifikirii. Ndani ya shaba huna kifaa mdomoni. Unapumulia ndani ya chumba kidogo, na pumzi uliyoitoa inabaki humo mpaka hewa mpya iisukume nje. John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uingereza, alipowachunguza wazamiaji wa jeshi la majini mwanzoni mwa karne ya 20 aligundua kwamba kuhema na kuishiwa nguvu kulikowashinda kulitokana na hewa ukaa iliyorundikana ndani ya kofia, si kina chenyewe. Kazi yake ya mwaka 1908 ndiyo pia iliyowapa wazamiaji majedwali ya kupanda juu kwa kusimama vituoni njiani. Ukijikuta unahema bila kazi uliyofanya, kichwa kinagonga, na wasiwasi unakupanda bila sababu, simama, acha chochote ulichokuwa ukifanya, na ufungue hewa zaidi ili kofia ioshwe. Sikuambiwa hili mara ya kwanza. Niliambiwa na mzee mmoja mara ya pili, na nilimkasirikia kidogo aliyenivalisha mara ya kwanza.

Chanzo cha hewa nacho kina lake. Pampu ya mkono ni safi lakini inahitaji wazungushaji wasiochoka. Kompresa haichoki, ila kama mdomo wake wa kuvutia hewa umekaa upande ambao upepo unaleta moshi wa injini, utavuta moshi huohuo kule chini, na kaboni monoksidi haina harufu ya kukuonya. Angalia kompresa imewekwa wapi. Ni jambo la kutazama kwa macho tu, halihitaji utaalamu.

Masikio, pua na miwani

Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Presha huongezeka kwa kasi zaidi kwa uwiano katika mita chache za kwanza, na sikio linauma hata kwenye kina cha bwawa la kuogelea. Kwenye skuba unabana pua juu ya barakoa na kusukuma hewa taratibu. Kwenye kofia wazi unaingiza mkono kwa chini na kubana pua kama kawaida. Kofia ya kisasa ina kipande kidogo cha kusukuma ambacho huziba pua kwa ndani.

Ndani ya shaba, mikono yako iko nje na pua iko ndani. Utameza mate, utapiga miayo, utacheza na taya, au utaisukuma pua kwenye ukingo wa ndani wa kofia, kama walivyofanya wazamiaji wa zamani. Kama masikio yako hayafunguki kwa kumeza tu, jaribu kwanza nchi kavu. Yakigoma, mwambie mshika kamba asimamishe mteremko mara ya kwanza unapohisi kubanwa, usingoje maumivu. Mafua ya jana yanatosha kuiahirisha siku.

Miwani ya macho huvaliwa vizuri ndani ya kofia wazi. Ndani ya shaba inaingia pia, ila ikiteleza puani hakuna wa kuirudisha. Pua ikiwasha, itawasha mpaka utoke.

Uzito

Vazi zima la Mark V lilikuwa na karibu kilo 86: kofia na kola yake kilo 25, mkanda wa risasi kilo 38, na viatu vyenye soli ya risasi, kila kimoja kilo nane. Chini ya maji uzito huo unayeyuka, kwa sababu suti imejaa hewa, na unatembea umeinama mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni. Shida iko kwenye ngazi. Unapotoka, maji yanaporudi chini ya kiuno, kilo zote hizo zinarudi mwilini mwako kidato kwa kidato, na hapo ndipo nilipoona watu wenye afya njema wakisimama katikati ya ngazi wakihema, magoti yakitetemeka. Mgongo mbovu, goti bovu, moyo wenye tatizo: hayo yote hujulikana kwenye ngazi. Kikosi kizuri kina jukwaa la kuteremshia na kupandishia, au angalau watu wawili wenye nguvu na kibao karibu na kidato cha mwisho.

Kofia wazi inazidi kilo 30 nchi kavu, lakini huwekewa mabegani ukiwa tayari umo ndani ya maji, hivyo hata mtu mzima wa makamo huimudu. Skuba iko katikati.

Kinachoweza kuua

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo picha nzuri za kofia za shaba zinapowadanganya watu.

La kwanza ni kubanwa. Mpira wa hewa ukikatika juu ya maji, hewa iliyo ndani ya kofia inakimbilia kule ambako presha ni ndogo. Kofia ni chuma, haibonyei. Mwili ni nyama. Mita 10 chini, maji yanakandamiza kwa karibu kilo moja zaidi kwa kila sentimita ya mraba, na nguvu yote hiyo inausukuma mwili kuelekea ndani ya kofia. Wazamiaji wamekufa hivyo. Kinachozuia ni vali ndogo ya njia moja, pale mpira unapoungana na kofia, inayoruhusu hewa kuingia na kuikatalia kurudi. Hii ndiyo sehemu ninayoomba kuiona ikijaribiwa mbele yangu, kabla mpira haujafungwa: mtu anavuta kwa mdomo kinyume na njia ya hewa, na hewa isipite hata kidogo. Kuanguka ghafla kutoka kwenye ngazi au jukwaa huleta balaa lilelile, kwa kuwa kina kinaongezeka haraka kuliko pampu inavyoweza kufidia.

La pili ni kinyume chake, kupaa. Hewa ikiingia nyingi kuliko inayotoka, suti inavimba, unakuwa mwepesi, unaanza kupanda, na kadiri unavyopanda hewa inazidi kutanuka na kukupandisha kwa kasi zaidi. Suti iliyovimba inakunyoosha mikono kama msalaba, huifikii vali. Mimi nilionja mwanzo wake tu. Nilikuwa nimefungua hewa kwa pupa, visigino vikaacha sakafu ya tangi, nikahisi mikono inainuka yenyewe. Aliyenivalisha alikuwa amenirudishia mara tatu: "Ukipotea, tumia kichwa." Nikausukuma upande wa kulia wa kichwa kwenye kitufe cha vali ya kutolea, mapovu yakatoka kwa kishindo, viatu vikarudi chini. Sekunde tano labda. Sijawahi kumshukuru mtu kwa dhati kama nilivyomshukuru yule bwana. Ndiyo sababu miguu ya suti nyingi hufungwa kamba nyuma ya vigimbi, ili hewa isikimbilie miguuni ikakupindua kichwa chini.

La tatu ni ugonjwa wa naitrojeni, viputo vinavyotokea mwilini mtu akipanda haraka baada ya kukaa kwenye kina kirefu. Wazamiaji wa sifongo wa kisiwa cha Symi, Ugiriki, walivaa mavazi haya wakati wa kuopoa hazina ya meli ya kale iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, mwaka 1900 na 1901. Mmoja alikufa na wawili walipooza. Kwenye tangi la mita tano, kwa nusu saa, hatari hiyo ni ndogo sana. Lakini usichanganye na pafu kupasuka, ambako hakujali kina: mtu aliyezuia pumzi na kupanda hata mita mbili tu anaweza kudhurika. Hili linahusu njia zote nne. Usizuie pumzi.

Hatari ya kofia wazi hutokana na uzembe zaidi kuliko hitilafu ya kifaa: mtu anainama kuokota kombe, maji yanaingia, anashtuka. Dawa yake ni rahisi, kuitoa kofia na kupanda huku ukitoa hewa mdomoni, ila lazima umeelezwa kabla, na kiongozi awe jirani. Skuba inadai ujuzi wako wewe: kusafisha barakoa, kutunza hewa, kupanda polepole. Kwa jaribio la kwanza PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya skuba, haivuki mita 12, pamoja na mwalimu, na umri kuanzia miaka 10.

Kofia za mapambo

Tafadhali, usiingie majini na kofia uliyonunua kama pambo. Zinatengenezwa kwa wingi, zinapendeza sebuleni, na baadhi zina alama za viwanda vya zamani zilizobandikwa. Ukizishika utajua: shaba nyembamba, kioo cha kawaida, vali zisizo na kitu ndani, mpira unaungana na kipande kilichochomelewa tu. Vali ya njia moja haimo. Hata kofia halisi ya kale si salama kwa kuwa ni halisi. Mpira wa suti huoza kimya kimya, na vioo vya zamani hupaswa kubadilishwa.

Nani achukue nini

Kama hujui kuogelea vizuri, unataka kuona samaki na kurudi ukiwa na nywele kavu, chukua kofia wazi. Kama unaota kuzamia kwa miaka mingi, kuelea juu ya matumbawe, kwenda unakotaka, chukua skuba, na usipoteze muda na vingine kwanza. Kama unafikiria uzamiaji kama kazi, omba siku moja kwenye chuo cha wazamiaji wa kazi uvae kofia ya kisasa. Watakutaka upimwe na daktari, na hilo ni jambo zuri.

Kofia ya shaba ni ya mtu anayeipenda yenyewe. Haikupeleki mbali wala haikuonyeshi mengi kupitia vidirisha vyake. Mwenye pumu, kifafa, pafu lililowahi kupasuka, mimba, au woga wa sehemu zilizofungwa, asiivae. Na ukiipata nafasi, uliza haya kabla hujavua viatu vyako: Nani mzamiaji wa akiba, na je, ameshavaa tayari au vifaa vyake bado viko kwenye gari? Hewa ya pili iko wapi pampu ikisimama? Oksijeni ya huduma ya kwanza ipo? Nikizimia, mtanitoaje majini nikiwa na kilo 86 mwilini? Wakicheka swali la mwisho, ondoka. Wakikuonyesha winchi, kamba na mtu wa kuishika, kaa uvalishwe. Siku hiyo usipande ndege. Subiri zipite angalau saa 12.

Mwisho, jifunze kamba, hata kama kofia ina simu, maana simu hukatika. Katika utaratibu wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, mivuto minne kutoka juu ni "panda", na minne mara tatu kutoka kwako ni "nivuteni sasa hivi". Mvuto mmoja ni swali. Umesimama chini, unageuza kichwa kutoka kidirisha hadi kidirisha huku kofia yenyewe ikiwa imetulia, mapovu yanapita pembeni ya kioo kwa mapigo ya pampu, na kamba inacheza mara moja ubavuni: uko sawa? Unaishika, unaondoa ulegevu, unavuta mara moja. Niko sawa.